Siku 117 za Kumsubiri Msimamizi wa Ghala

Mwezi Mei mwaka jana nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mkurugenzi wa kampuni inayosambaza dawa na vifaa tiba kwa maduka na vituo vya afya. Nilimfundisha mwaka wake wa pili chuoni. Alikuwa kijana wa kukaa kiti cha nyuma na kuuliza maswali ya kukera, na nilimpenda kwa hilo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliingia kwenye jambo lake bila kuzunguka.

"Mwalimu, nchi hii ina maelfu ya vijana wasio na kazi. Mimi kazi ninazo, watu siwapati. Nieleze hiyo ni elimu gani mliyotupa."

Nilijua ananichokoza, lakini pia nilisikia uchovu katika sauti yake. Kampuni ilianza na watu tisa katika chumba cha kupanga nyuma ya duka, na sasa ina watu zaidi ya mia moja na arobaini na ghala mbili kando ya Barabara ya Nyerere. Usiku uliotangulia alikuwa amekesha ghalani akipokea shehena yeye mwenyewe, kwa sababu nafasi ya msimamizi wa ghala ilikuwa wazi tangu Januari. Binti waliyemchagua alikuwa amewajibu kwa heshima kwamba ameshaanza kazi kwingine wiki mbili zilizopita.

Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu mwendo wa majalada katika halmashauri za wilaya, jambo ambalo mke wangu huwaeleza wageni kwa ufupi: alisomea mafaili. Nilimwomba mkurugenzi kitu kimoja tu. Sikutaka sera ya ajira, wala mchoro wa muundo wa kampuni. Nilitaka karatasi zote za nafasi hiyo moja, kuanzia siku mtu wa kwanza aliposema anahitajika msimamizi mpaka siku barua ya ajira iliposainiwa, na niruhusiwe kumuuliza kila aliyeigusa aliishika kwa muda gani.

Ombi la mkuu wa ghala liliandikwa tarehe 9 Januari. Barua ya ajira ilisainiwa tarehe 6 Mei. Hizo ni siku 117. Zilikwenda hivi. Siku 19 zilipita kabla mkurugenzi hajaidhinisha ombi, maana alikuwa safarini, na aliporudi lilikuwa chini ya mengine. Siku 12 zilikwenda kumsubiri mhasibu athibitishe kwamba mshahara huo umo kwenye bajeti, na kuitafuta hati ya majukumu ya kazi ambayo ilikuwa katika kompyuta ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Tangazo lilikaa wazi siku 14. Yakaja maombi 213, yakachapwa yote kwenye karatasi, yakawekwa mezani, na kuyachambua kukachukua siku 24. Waombaji watano waliitwa kwenye usaili wa duru nne: kwa afisa rasilimali watu, kwa mkuu wa ghala, kwa mhasibu na kwa mkurugenzi. Kila duru ilikuwa na siku yake na kila siku iliahirishwa angalau mara moja, na sikukuu za Aprili zikaingia katikati, hivyo duru hizo nne zikala siku 33. Wadhamini na vyeti siku 9. Saini ya barua siku 6.

Kisha nikafanya hesabu ya pili. Nilimuuliza kila mmoja: ukiondoa kusubiri, kazi yenyewe ulipoishika ilikuchukua muda gani? Mkurugenzi, dakika tano za kusoma ombi na kuweka saini. Mhasibu, dakika ishirini. Kuiandika upya hati ya majukumu, saa moja. Kuchambua maombi, dakika mbili kwa kila moja, yaani saa saba na kitu. Usaili, dakika arobaini kwa kila mtu kwa kila duru, yaani saa 13 na ushei. Kuwapigia wadhamini, saa moja. Kuandika barua, robo saa. Jumla haikuzidi sana saa 23, nazo ni siku tatu za kazi. Siku 114 zilizobaki lile jalada lilikuwa limelala.

Nilipomwonyesha mkurugenzi hesabu hii alinyamaza, akaomba aione tena. Kisha akasema sentensi ambayo nimeisikia katika kila ofisi niliyowahi kuitafiti: "Lakini Mwalimu, hapa watu wanafanya kazi sana." Ni kweli, wanafanya kazi sana. Afisa rasilimali watu, mama mmoja makini ambaye kampuni nzima humwita Dada Mkubwa, alikuwa akitoka ofisini saa mbili usiku. Alinieleza kwamba kwa wakati mmoja alikuwa na nafasi nane wazi mikononi, na hakuwa na namna ya kuikamilisha moja bila kuiangusha nyingine.

Hapo nilimchorea hesabu ndogo ambayo Mmarekani John Little aliitolea uthibitisho mwaka 1961, na ambayo wahandisi wa viwanda huitumia kila siku. Idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya vinavyoingia ukizidisha kwa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Kampuni ile iliajiri wastani wa watu wawili kwa mwezi. Kila ajira ilichukua takriban miezi minne. Mbili mara nne ni nane. Zile nafasi nane zilizokuwa wazi, ambazo mkurugenzi alidhani ni uhaba wa vijana wenye ujuzi, zilikuwa zao la mwendo wake mwenyewe. Kama ajira ingechukua mwezi mmoja, pengo lingekuwa la watu wawili, na Dada Mkubwa angekuwa na majalada mawili badala ya manane, na kwa sababu hiyo hiyo angeyamaliza mapema zaidi.

Ningeweza kuishia hapo, nikapewa chai na kuagwa. Lakini kuna swali ambalo hesabu haikulijibu. Mkurugenzi huyu si mvivu wala si mjinga. Aliijenga kampuni kutoka chumba kimoja. Kwa nini mtu anayeweza kuamua kununua lori kwa simu ya dakika kumi akae siku 19 na karatasi inayohitaji saini moja?

Jibu alinipa mwenyewe siku nyingine, tukiwa tumeketi kwenye maboksi ghalani tukinywa chai kwa chapati, mbali na masikio ya ofisi. "Mwalimu, nina barua tatu kwenye droo," alisema. Moja ilitoka kwa mjomba wake aliyemlipia ada ya kidato cha tano na cha sita. Ya pili ilitoka kwa mteja mkubwa. Ya tatu ilitoka kwa mtu ambaye hakunitajia, ila alitazama juu aliposema hivyo. Kila nafasi ilipotangazwa, watu hawa walikuwa na kijana wao. "Nikimwambia mjomba hapana, nyumbani hawatanielewa mpaka nife. Lakini jalada likilala, analaumu ofisi. Mimi hanilaumu. Baadaye kijana mwenyewe anapata kazi kwingine, na jambo linaisha."

Nimefundisha somo la utawala kwa miaka kumi na tano na sijawahi kuisikia nadharia ya ucheleweshaji iliyoelezwa vizuri namna hiyo. Katika jamii ambayo neno "hapana" linaweza kuvunja undugu, "njoo kesho" ni hapana yenye adabu. Tumeijenga ofisi nzima juu yake. Duru nne za usaili hazikuwekwa kwa sababu msimamizi wa ghala anahitaji kuchunguzwa mara nne. Zilikuwepo ili mkurugenzi akiulizwa aweze kusema kwamba kamati ndiyo iliyoamua. Mhasibu naye aliingizwa katika usaili baada ya ajira moja ya zamani kwenda vibaya, naye akasema hakushirikishwa. Kila saini ya ziada ilikuwa kinga ya mtu fulani dhidi ya lawama fulani. Kwa hiyo ushauri wa kuzifuta tu usingefaa, maana ungemwacha mkurugenzi uchi mbele ya mjomba wake.

Alichohitaji ni njia nyingine ya kusema hapana, ya haraka na isiyo na uso wa mtu.

Tulianzia kwenye tangazo. Lile la zamani lilimtaka mtu "mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Ni Mtanzania gani atasoma maneno hayo aseme hayanihusu? Northcote Parkinson, yule Mwingereza aliyewatania watumishi wa serikali miaka ya 1950, aliwahi kudai kwamba tangazo kamili la kazi ni lile linalomleta mwombaji mmoja tu, naye awe ndiye anayefaa. Ulikuwa utani, lakini maombi 213 ni malipo ya kutokusema unachotaka. Tangazo jipya lilisema kwamba mtu huyu atapokea shehena usiku mara mbili kwa wiki, atasoma namba za toleo na tarehe za mwisho wa matumizi, atahakikisha kinachoisha muda mapema ndicho kinachotoka mapema, na atasimamia majokofu ya dawa kama insulini zinazopaswa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Lilitaja mshahara. Lilitaja pia, na hapa mhasibu alinitazama kama nimerukwa na akili, tarehe ya usaili na tarehe ya majibu, kabla hata ombi moja halijapokelewa. Maombi yalikuja 61.

Duru nne zikawa siku moja. Asubuhi kila mwombaji aliingia ghalani akapewa shehena ya mfano: maboksi thelathini, hati ya kupokelea mzigo, na kipimajoto cha jokofu. Ndani ya maboksi hayo mkuu wa ghala alikuwa amepanda makosa saba. Boksi moja lilikuwa na tarehe iliyopita, mawili yalikuwa na namba za toleo zisizolingana na hati, na mengine sitayataja kwa sababu bado yanatumika. Mchana walisailiwa na watu watatu kwa pamoja, kwa maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kila msaili aliandika alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Kila mwombaji alilipwa nauli na chakula cha siku hiyo.

Siwezi kudai kwamba haya ni ubunifu wangu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha mapitio ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walionyesha kwamba kumjaribu mtu kwenye kazi yenyewe, na kumsaili kwa maswali yaliyopangwa, hutabiri utendaji wake kuliko mazungumzo holela ya usaili au idadi ya miaka ya uzoefu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo wakapunguza makadirio mengi, lakini usaili wa maswali yaliyopangwa ukabaki juu. Tunayajua haya madarasani. Tukitoka darasani tunamuuliza mwombaji ajielezee kidogo, na mwishowe anayeongea Kiingereza laini ndiye anayepata kazi ya kuhesabu maboksi.

Kijana wa mjomba alikuja. Aliona makosa mawili kati ya saba. Aliyeongoza aliona sita. Jioni mkurugenzi aliipiga simu aliyoiogopa kwa miaka, akasema, "Shikamoo mjomba, kijana amefanya mtihani, amepata mawili kati ya saba, aliyeshinda kapata sita." Kukawa na ukimya upande wa pili. Mjomba alinuna wiki mbili. Kisha alipiga simu mwenyewe kuuliza mtihani mwingine ni lini, na kijana afundishwe wapi mambo ya ghala.

Mambo mengine nitayapita haraka kwa sababu ni ya kawaida. Bajeti ya nafasi mpya sasa huidhinishwa kwa robo mwaka mzima, hivyo mhasibu haulizwi tena kwa kila jina. Maombi huchambuliwa siku yanapoingia, na hayangoji dirisha lifungwe. Wadhamini hupigiwa simu. Vyeti huhakikiwa kwa aliyechaguliwa na wa pili wake tu. Wasiopata hujulishwa kwa ujumbe wa simu. Na kila nafasi ina mwenyewe mmoja, mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya jalada, ambaye akiulizwa leo jalada liko wapi hana ruhusa ya kusema "lipo kwa fulani." Nafasi ya kwanza kwa utaratibu huu ilichukua siku 29. Ya pili ilichukua siku 33.

Ya tatu ilikuwa ya dereva wa lori, ikachukua siku 18, na ikatuumbua. Mwezi mmoja baada ya kuajiriwa, dereva alisimamishwa na askari wa usalama barabarani karibu na Chalinze. Daraja la leseni katika nakala aliyotuletea halikulingana na kumbukumbu za mamlaka. Lori lililala pale na dawa za watu ndani yake.

Kesho yake mkurugenzi aliitisha kikao, na mhasibu alikuwa amekuja na pendekezo lililochapwa: turudishe saini zote nne. Alisema kwa utulivu kwamba haraka haraka haina baraka, na kila kichwa mezani kiliitikia. Methali hiyo imewaokoa watendaji wengi katika nchi hii. Niliomba tulifungue jalada la dereva. Utaratibu ulitaka leseni ihakikiwe kabla ya barua kutoka, na ulitenga siku tano kwa kazi hiyo. Hakuna aliyeihakiki. Mwenye jalada alidhani Dada Mkubwa kafanya, naye Dada Mkubwa alidhani kazi hiyo imehamishiwa kwa mwenye jalada. Siku tano zile zilikuwepo, hazikutumika. Kisha niliomba jalada la dereva aliyeajiriwa miaka miwili kabla, kwa siku 90 na saini nne. Leseni yake nayo haikuwahi kuhakikiwa. Saini zilikuwepo zote.

Nilishinda hoja, lakini nakiri kwamba sikushinda yote. Dada Mkubwa alilia siku ile, na nilijua sehemu ya kilio chake ni mimi, kwa kuwa nilikuja na hesabu zangu nikamwacha aonekane kama yeye ndiye tatizo. Nilimwomba radhi. Aliniambia, "Dokta, wewe ulihesabu siku. Hukuhesabu simu nilizokuwa napigiwa na wakubwa niliposema nafasi imejaa." Ana haki. Katika hesabu zangu za dakika sikuwa na safu ya simu za wakubwa.

Kuhusu hofu ya kumwajiri mtu asiyefaa, ambayo ndiyo hoja ya heshima zaidi ya wanaochelewesha, sheria yetu si katili kama inavyosimuliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masharti yake kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita, ingawa kanuni zinataka naye atendewe kwa haki, aelezwe kasoro zake na apewe nafasi ya kujirekebisha. Mwajiri ana nusu mwaka wa kumtazama mtu akifanya kazi halisi. Waajiri wengi ninaowajua hutumia miezi minne kumchunguza mtu akiwa hayupo, na akishaingia hawamtazami kabisa.

Wasomaji wangu walioko serikalini wataniambia kwamba kampuni si serikali, na watakuwa sahihi kwa sehemu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilianza kazi mwaka 2010, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2007, na miongoni mwa madhumuni yake ni kuiweka ajira ya umma mikononi mwa ushindani ulio wazi. Ushindani ulio wazi hauwi mwepesi katika nchi yenye vijana wengi na nafasi chache. Tunaikumbuka Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipowasaili zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 70 katika Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Na Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hakuna aliyeweza kusema tena kwamba kuhakiki ni mbwembwe. Utumishi wa umma una haki ya kwenda polepole mahali ambapo upole huo una kazi ya kufanya.

Ninachouliza ni kama tunajua polepole yetu ipi ina kazi na ipi imelala tu. Kuna siku za kuhakiki vyeti, na kuna siku za jalada kukaa chini ya jalada lingine, na katika taarifa zetu zote mbili huandikwa "mchakato unaendelea."

Tena kuna jambo ambalo watu wa kada yangu, wenye mshahara tarehe inayojulikana, hatulioni kwa urahisi. Anayelipia kusubiri ni nani? Yule binti aliyechaguliwa kwa siku 117, niliomba ruhusa ya kuzungumza naye. Alitoka Mtwara, akafikia kwa shangazi yake Mbagala, wakalala watu watano chumba kimoja. Kila duru ya usaili ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, shati la kuazima, na shangazi kuuliza kwa upole wamesemaje. Baada ya duru ya tatu alichukua kazi ya kwanza iliyojitokeza, kaunta ya duka la dawa, kwa mshahara wa chini kuliko ule aliokuwa akiusubiri. Waombaji wawili kati ya wale watano walikuwa bado wapo siku barua iliposainiwa. Mmoja aliishi kwa wazazi wake Mikocheni. Mwingine alikuwa na kazi tayari. Ucheleweshaji nao ni usaili. Hupima nani ana mahali pa kula akisubiri, na humpa alama za juu mtoto wa mwenye nyumba. Pierre Bourdieu aliandika juu ya kusubirishwa kama sura mojawapo ya kutawaliwa, na nimekuwa nikilifundisha hilo kwa miaka kwa wanafunzi ambao baadaye niliwasubirisha.

Maana nililisema hili kwa sauti kubwa sana kwenye kampuni ya mwenzangu, na mwezi Agosti nilikuwa nikitafuta chaja ya kompyuta katika mkoba wangu wa zamani nikakuta bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na maombi ya binti aliyehitimu kwetu kwa ufaulu wa juu, kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi katika idara, na fomu ya tathmini iliyotakiwa kujazwa na mimi. Nilikabidhiwa na katibu wa kamati siku ambayo nilikuwa na mkutano mwingine. Niliiweka mkobani ili niisome nyumbani kwa utulivu. Mhuri wa masjala ulionyesha kwamba ilikuwa mikononi mwangu kwa siku 41. Hakuna mjomba aliyenipigia. Hakuna bajeti iliyokwama. Kujaza fomu ile kulinichukua dakika ishirini na tano, nilizihesabu.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Katika siku zote 41 hakuna mtu hata mmoja katika chuo, mimi nikiwemo, ambaye kazi yake ilikuwa kujua bahasha hiyo ilipo. Kamati ilikuwa ikisubiri tathmini zote zikamilike ndipo ikutane, na kila mjumbe aliamini mwingine ndiye aliyekwama.

Nilimpigia binti yule simu jioni hiyo, jambo ambalo pengine utaratibu hauliruhusu. Aliniamkia kwa furaha akidhani namtafuta kwa jambo lingine. Nilipomweleza, alisema, "Usijali Mwalimu, mimi niko Tunduru nafundisha shule ya binafsi tangu Julai. Nilijua mambo ya chuo huchukua muda." Alinishukuru kwa kumpigia. Nilimuuliza kama angerudi endapo kamati ingemchagua. Alinyamaza kidogo, akasema angefikiria, kwa sababu ameshasaini mkataba wa miaka miwili na hapendi kuvunja neno lake.

Niliandika barua kwa mkuu wa idara nikieleza siku 41 ni za nani, na nikapendekeza mambo mawili: kila jalada la ajira liwe na jina la mwenyewe mmoja, na tarehe ya kikao cha kamati ipangwe kabla tangazo halijatoka, tathmini ziwe zimekamilika au hazijakamilika. Wenzangu wawili walinitania kwamba nimeanza kufanya kazi ya ukarani. Mmoja, mzee wetu ninayemheshimu sana, alinivuta pembeni akaniuliza kama nimefikiri juu ya siku ambayo itatubidi kumkataa mtoto wa mtu mkubwa, na hatutakuwa na mahali pa kulificha jalada. Nilimsimulia habari ya mjomba na maboksi thelathini. Akacheka, kisha akaniuliza ni maboksi gani tutakayompa mkufunzi msaidizi. Nilipendekeza afundishe somo moja la dakika arobaini mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nao wamuulize maswali.

Kikao cha idara ni Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Fomu yangu ya tathmini kwa nafasi iliyotangazwa upya nimeshairudisha masjala.